Kunuka na Kunukia katika Nyumba Namba Nne

Halimo Gedi,
Nyumba mpya nyuma ya kinu cha unga,
Kiirua.
Jumatano.

Kwa Bi. Ciakuthii,
Mwenye Ploti,
Kianjai.

Kwako Bibi Mwenye Ploti,

MINTARAFU: KUTOZWA PESA ZA KUONDOA HARUFU NZURI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, ng'ombe wako wanakamuliwa vizuri na goti lako la kushoto limetulia. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu aliyetukanwa.

Kwa miaka yote tisa niliyokaa katika ploti yako ya Meru mjini nilikuita Mama Thuranira, kwa jina la mtoto wako wa kwanza, nawe ukaniita Mama Liban, kwa jina la wangu. Lakini siku mbili tu baada ya kuhamia huku Kiirua, katika nyumba aliyonijengea Liban kwa pesa za lori lake la viazi, nimeletewa karatasi iliyoandikwa juu yake "Kwa Aliyekuwa Mpangaji wa Namba 4". Basi nimeona nami nisijipendekeze. Tuandikiane kama watu wa ofisi.

Karatasi hiyo imeandikwa kwa mkono na Njura, msimamizi wako, na chini yake umetia sahihi yako kwa kalamu nyekundu. Inasema kwamba depositi yangu haitarudishwa kwa kuwa imemalizwa yote na usafi. Kuna kufagia na kupiga deki. Hapo sina neno, ingawa niliipiga deki sakafu hiyo mwenyewe kabla ya kumkabidhi Njura funguo Jumatatu, mpaka Ruguru wa namba tatu akaniuliza kama nahama au naolewa. Kuna kupaka rangi dari ya sebule. Halafu kuna mstari wa mwisho, ambao unakula pesa kuliko mingine yote. Kiasi chenyewe sitakitaja, naona aibu kwa niaba yako. Mstari unasema hivi: "Kutoa kunukia kwa nyumba."

Nimeusoma mstari huo nikiwa nimekaa, nikausoma nimesimama, nikamwita binti yangu Faiza aniletee miwani, kisha anisomee yeye. Haukubadilika. Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naleta malalamiko yangu kama ifuatavyo.

1. Neno lenyewe.

Baba yangu alinilea Isiolo, na Kiswahili alichonifundisha hakikuwa kingi lakini kilikuwa kimenyooka. Kitu kibaya kinanuka. Kitu kizuri kinanukia. Soksi zinanuka, pilau inanukia. Choo kinanuka, bibi harusi ananukia. Tofauti ni herufi moja tu, tena ile nyembamba kuliko zote, lakini ndani ya herufi hiyo imewekwa heshima yote ya mwanamke na nyumba yake. Wewe umenitoza pesa za kuondoa kunukia. Sijawahi kusikia, tangu nizaliwe, mtu aliyepigwa faini kwa kunukia. Kama ni kosa, basi polisi waanze na mikate ya asubuhi pale karibu na stendi, kisha waende kwa maharusi.

Najua utasema Njura alikosea. Nimempigia simu Njura. Yule ni mtu mzima, baba wa watu, na adabu yake ya Embu hajaiacha. Aliniambia, "Mama Liban, hiyo i niliongeza ndio isikuwe matusi. Kuandikia mtu mzima 'inanuka', hapana, ni mbaya sana. Nikaona niweke kaheshima kidogo." Nilimshukuru kwa hako kaheshima. Lakini maandishi ni maandishi, na wewe uliyatia sahihi. Hapa pana njia mbili tu, Bibi Mwenye Ploti. Ikiwa nyumba inanukia, hakuna deni. Ikiwa inanuka, ajitokeze mtu mwenye pua yake aliyeinusa, aape mbele ya chifu kwamba nyumba ya Halimo, binti wa Sabirin, ilinuka. Nitamngoja.

2. Mali yangu iliyomo ndani ya kuta.

Huko kunukia hakukuwemo nilipoingia. Nilipoingia kulikuwa na harufu ya rangi ya bei rahisi na panya mmoja. Kila kilichomo nilikitia mimi: ubani nilioletewa na wafanyabiashara wa mji wa Maua, udi, na ile sukari ninayoipika na marashi mpaka ishikane nikaivunja vipande. Nilichoma asubuhi, nikachoma Alhamisi jioni, nikachoma kila alipokuja mgeni. Miaka tisa, Bibi. Mpangaji akijenga rafu ukutani kwa pesa zake huambiwa aache au aondoke nayo, halipishwi kwa kuijenga. Mimi nachagua kuondoka nayo. Naomba mafundi wako wakishaitoa hiyo harufu waiweke kwenye magunia, waifunge vizuri, na Liban atapitia na lori siku ya soko. Huku Kiirua nyumba inanuka saruji tu, na upepo wa mlimani unaingia hadi kwenye mto wa kulalia. Nitajua pa kuiweka.

3. Walionufaika bila kulipa.

Kamba ya nguo ya ploti inapita mbele ya dirisha langu, na hilo unalijua kwa sababu wewe ndiye uliyeifunga. Mashati ya Gachoki, mume wa Ruguru, yalikauka kwenye moshi wangu kwa miaka yote hiyo. Kuna Jumapili moja alienda kanisani ananukia mpaka Ruguru akamuuliza huyo mwanamke anakaa wapi. Ilibidi nitoke mimi mwenyewe na kuonyesha kamba, dirisha na mahali upepo unapotokea. Niliokoa ndoa ile, na hakuna aliyeniletea hata ndizi.

Nawe pia umo. Kila Jumanne ulipokuja kutoka Kianjai kukusanya kodi ulimalizia kwangu, kwa sababu ya goti, ulivyosema. Ulikaa kwenye mkeka, ukavua kitambaa chako cha kichwa, ukakitandaza juu ya chetezo changu, moshi ukapanda kupitia kitambaa huku unakunywa chai ya tangawizi na kuwasema wapangaji wengine. Ni wewe uliyeniambia, "Mama Liban, kwaya yote imeniuliza hii kitambaa nimeipaka nini, nikawaambia ni sabuni tu." Sabuni! Nilicheka siku hiyo. Leo sicheki. Ikiwa harufu ya nyumba namba nne ni uchafu, basi uchafu huo unaimba sauti ya kwanza kanisani Kianjai kila Jumapili. Nashauri mafundi wakimaliza kwangu wapande hadi kwako wakisugue na hicho kitambaa, na gharama ikatwe kwenye depositi ya kwaya.

4. Shimo la choo.

Sitaki kulisema hili, lakini umenilazimisha. Mvua za masika zilipofurika na shimo la choo la ploti likaamua kutoka nje, ni nani aliyesimama kati ya wapangaji wako na kuhama? Ni mimi na chetezo changu mlangoni. Nilichoma ubani wa mwezi mzima katika siku nne. Watu wa namba sita walikuwa wameshafunga magodoro, wakayafungua. Kwa hesabu hiyo mimi nilikuwa mfanyakazi wako wa afya bila mshahara, na sijawahi kukuletea karatasi.

5. Ulinzi.

Kabla ya Idd iliyopita kopo langu la nyirinyiri, nyama niliyoikausha na kuikaanga kwa samli kwa mikono yangu, lilitoweka jikoni mwangu. Nilikuarifu. Hukufanya lolote. Simtaji mtu, ila paka wa Gachoki amenenepa kuliko Gachoki.

6. Mpangaji anayekuja.

Njura, ambaye hawezi kunyamaza ukimpa nafasi, ameniambia kwamba kijana mmoja wa ofisi za kaunti alikuja kuiona namba nne jioni ile ile niliyohama. Akasimama sebuleni, akavuta pumzi na kuuliza kama hapa palikuwa na duka la marashi. Akasema anaichukua hata leo. Nawe, Njura anasema, umeongeza kodi. Kwa hiyo harufu yangu ni uchafu inapokuja kwangu na ni nakshi inapokwenda kwa kijana. Naomba uchague upande mmoja. Ukichagua wa kijana, nadai sehemu yangu kila mwezi, naye aambiwe kwamba itaisha asipochoma.

7. Dari.

Umeandika kwamba dari ya sebule ina moshi mweusi, upande wa dirishani, na kwamba lazima ipakwe rangi. Ni kweli. Ninaijua alama hiyo kama ninavyoujua uso wangu. Lakini na wewe unaijua, Bibi, na ndiyo maana nimeiacha mwisho.

Mama yangu Sabirin alipofariki katika nyumba hiyo, mikono yangu ilikataa kufanya kazi. Wanawake wa kwetu walikuwa bado njiani kutoka Isiolo. Wewe ulikuja kabla yao wote, siku ambayo haikuwa Jumanne, na themosi mbili za chai na goti lako. Ulinikuta nimekaa na chetezo cha mama mapajani, cha udongo, kilichopasuka ukingoni, na siwezi hata kuwasha njiti. Ulikichukua. Hukuwahi kuchoma ubani maishani mwako. Ulitia mkono kwenye kopo ukatoa ngumi nzima, ukaimwaga yote juu ya makaa kama mtu anayelisha kuku. Moshi ulijaa nyumba mpaka hatukuonana. Tukakohoa, tukalia, machozi yakatutoka, na wanawake walipofika walidhani ni msiba wote ule. Nusu ilikuwa msiba na nusu ilikuwa kipimo chako kibaya. Siku hiyo ndiyo dari ilipata alama yake. Ulikaa nami siku zote tatu, ukalala kwenye mkeka, na ulipoondoka uliniambia, "Mimi sijui maombi yenu, lakini najua kukaa."

Basi dari hiyo tunadaiwa sote wawili. Nitalipa nusu yangu siku utakapolipa yako.

Sasa niseme wazi, maana barua imeshakuwa ndefu na sina cha kuficha. Depositi haijanikosesha usingizi. Liban ana kazi, na mimi nauza madera yangu, yale magauni mapana, kama kawaida. Nimeumia kwa sababu mtu aliyekaa ndani ya moshi wangu miaka tisa ameniambia kwa karatasi kwamba nilikuwa nanuka. Na hakuja kuniambia yeye. Amemtuma Njura. Ungekuja ukasimama mlangoni ukaniambia mwenyewe, ningekasirika, ningekupikia chai, na tungeachana tukiwa bado tunaitana kwa majina ya watoto. Karatasi huwezi kuipikia chai.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo yatekelezwe bila kuchelewa. Herufi i ibaki pale ilipo, na kando yake uandike kwa kalamu ile ile nyekundu kwamba umeikubali. Tangazo libandikwe kwenye lango la ploti, chini ya lile la kukataza mifugo, kwamba nyumba namba nne ilikuwa inanukia kwa muda wote wa mpangaji aliyetajwa. Na Njura amfungulie Faiza mlango leo alasiri, kwa kuwa namtuma akachukue chetezo cha mama. Katika haraka ya kuhama, lori likiwa linanguruma nje, nilikisahau ndani ya kabati la jikoni. Tangu nifike huku nachomea ubani ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, na ubani unajua.

Nisalimie Njura na hako kaheshima kake. Nisalimie Ruguru, na Gachoki akiwa amevaa shati kavu. Wasalimie kwaya yote, sauti ya kwanza hadi ya mwisho, na Thuranira ukimpigia, na ng'ombe. Kijana wa kaunti simjui, lakini na yeye mwambie alale salama katika harufu yangu.

Ni mimi niliyekuwa nanukia, na bado nanukia,

Halimo Gedi,
Aliyekuwa Mpangaji wa Namba 4.

Tanbihi: Mama Thuranira, nilikuwa bado sijaifunga bahasha hii Faiza aliporudi kutoka Meru. Aliingia amejifunga leso puani na hakutaka kunikaribia mpaka aoge. Mafundi walikuwa wameshalivuta kabati la jikoni kutoka ukutani, na nyuma yake wamelikuta kopo langu la nyirinyiri. Halikuibwa na mtu. Lilianguka huko kabla ya Idd, kifuniko kikafunguka, na limekuwa likiiva polepole tangu siku hiyo. Nilipokuwa nachoma ubani kila siku sikulisikia. Nilipoondoka na moshi wangu ukaondoka, ndipo lilipopata nafasi ya kusema. Faiza anasema fundi mmoja ametapika. Nilimuuliza kama ni kunuka au kunukia, akanijibu, "Mama, hiyo haina i hata moja."

Kwa hiyo Njura alikosea kwa herufi moja, na mimi nimekosea kwa barua nzima. Kata depositi yote. Ikipungua niambie. Niombee radhi kwa yule paka, lakini kimya kimya, Ruguru asijue nilimfikiria.

Faiza ameniambia na jambo lingine, alilolipata kwa Njura. Anasema ulikuja jana, Jumanne, kama kawaida yako, na kifurushi cha ndizi ulizopanda kwa mkono wako, ukaenda moja kwa moja namba nne ukabisha. Hukuwa umeambiwa kwamba Liban alipata nafasi ya lori Jumatatu. Njura alipokufungulia ukaona nyumba tupu, ulimuuliza, "Alipatia wewe funguo? Hakungoja nikuje?" Halafu karatasi uliitia sahihi siku hiyo hiyo umesimama.

Mimi ndiye niliyeanza kumtuma Njura. Sikuliona hilo wakati naandika namba zangu zote saba.

Na chetezo hakikuwemo kabatini. Njura anasema siku hiyo ulitoka nacho umekikumbatia ndani ya kitambaa, na hakuthubutu kukuuliza. Sikidai leo wala kesho. Lakini kilete mwenyewe, Mama Thuranira, usimpe Njura. Shuka hapo kwenye kinu cha unga, mtu yeyote atakuonyesha nyumba, ni ile isiyo na harufu yoyote. Makaa nitakuwa nimeyawasha. Ubani nitautia mimi, maana wewe huna kipimo.